Msamaha Chukua, Bendi Sirudi

Mimi nikikasirika napanga ndoo. Jumamosi ile, mpaka kufika saa nane mchana, nilikuwa nimezipanga ndoo zote za duka la baba kwa ukubwa, nikazibomoa, nikazipanga kwa rangi, nikazibomoa tena. Wateja wa Mtaa wa Mkunguni walikuwa wanaingia, wananitazama usoni, wanatoka bila kuuliza bei. Na walifanya vizuri. Mtu angeniomba kupunguziwa siku ile ningemvisha beseni kichwani.

Saa kumi nilitakiwa jukwaani, ukumbi wa Ilala. Kwa mara ya kwanza peke yangu.

Kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa mwimbaji wa bendi ya Kimbunga. Wavulana watatu wa Kihindi wa Mchafukoge na mimi Mchaga mmoja, tukifanya mazoezi juu ya paa la ghorofa la kina Harsh, mmoja wao, mpaka kunguru wakahama. Tulikuwa tunapiga metali. Kama hujawahi kuisikia, ni muziki ambao gitaa linakoroma, ngoma zinakimbizana, na mwimbaji hambembelezi mtu. Anaunguruma kutoka tumboni. Mama mmoja wa jirani aliwahi kuniletea maji ya baraka akidhani nimepandwa na kitu. Nikayanywa, nikamshukuru, jioni nikaunguruma vizuri zaidi.

Miezi mitatu iliyopita nilitoka Kimbunga. Sikumwambia mtu sababu. Nyumbani nilisema tumegombana kuhusu nyimbo, basi. Nikaandika nyimbo zangu mwenyewe, kwa Kiswahili, maana Kimbunga tulikuwa tunaimba Kiingereza ambacho hata sisi wenyewe tulikuwa tunakibahatisha. Nikatafuta wapigaji, nikakodi ukumbi, nikatoa matangazo mia moja ya fotokopi: CANDIDA ONESPHORY, SAUTI YA NGURUMO, PEKE YAKE. Nikayabandika mwenyewe kuanzia Msimbazi mpaka karibu na sokoni.

Asubuhi ile nilipokuja dukani nikayakuta yamekwanguliwa. Siyo yote, sehemu moja tu. "Candida" lipo. "Onesphory" halipo.

"Baba," nikamwambia kabla hata sijaweka mkoba chini, "umekwangua jina langu."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, kile kisu cha kukatia kamba za mizigo mkononi, karatasi bado zimeganda kwenye makali. Hata hakukificha.

"Nimekwangua langu," akasema. "Hilo jina nimetoka nalo Rombo nikiwa na shuka moja na viatu vya kuazima. Kariakoo nzima wananipa mzigo kwa jina hilo. Leo napita nakuta Onesphory kabandikwa ukutani jirani na dawa ya mende, na juu yake mtoto wa kike kafungua mdomo kama anang'olewa jino!"

"Ni mimi nimefungua mdomo, siyo wewe."

"Watu watajuaje? Ulipokuwa na wale vijana wa Kihindi, nilisema neno? Sikusema. Mle hakuna aliyejua wewe ni binti wa nani."

"Ndiyo maana nimetoka, Baba."

"Ungebaki," akasema, akaanza kusafisha kisu kwa kitambaa.

Ungebaki! Basi ndiyo nikaanza na ndoo.

Sasa saa nane, joto la Februari limekaa juu ya mabati, mtaa umejaa mikokoteni na wauza soksi, nikainua macho na Vivek, mpiga gitaa wa Kimbunga, kasimama mlangoni.

Ngoja niseme ukweli wangu, maana sina wa kumwogopa. Moyo ulinipasuka. Alikuwa na shati lile jeupe ambalo nilimchagulia mimi pale Mtaa wa Congo, nywele kazifunga nyuma, na macho yale yale, meusi, marefu, ambayo yakikutazama unasahau ulikuwa unasema nini. Alikuwa amekonda. Nikafurahi amekonda. Halafu nikajichukia kwa kufurahi. Halafu nikafurahi tena.

"Shikamoo, mzee," akamwambia baba.

"Marahaba, kijana. Karibu, karibu ndani."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Miaka miwili baba alikuwa anamjibu Vivek kwa kutikisa kichwa, tena kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. Leo karibu mbili mfululizo! Lakini sikushtuka. Nilikuwa nayaangalia yale macho, mjinga mimi.

"Mambo, Candida," akasema polepole.

"Ndoo kubwa, ndogo, au ya kati?"

"Sijaja kununua ndoo."

"Basi umepotea. Hapa tunauza ndoo."

Mtu aliyekuwa anapita na mzigo wa mashuka akacheka. Vivek hakucheka. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa jani. Jani refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo katikati. Akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, kati ya mabeseni.

Lilikuwa jani la isale.

Kwetu Uchagani isale hupandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo, na jani lake lina kazi yake. Mtu akikukosea kosa la kukukausha mate, akaleta jani hili lenye fundo mbele yako, husemi hapana. Huwezi. Wapo waliowasamehe watu waliowachomea nyumba kwa sababu ya isale, na wapo waliolikataa, na habari za waliolikataa husimuliwa kwa sauti ya chini. Mimi nimezaliwa Dar, Kichaga changu ni cha kuombea chumvi mezani, lakini hilo nalijua. Kila mtoto wa Kichaga analijua.

Mhindi wa Mchafukoge halijui. Na mjini hapa lilikuwepo moja tu nililolifahamu, kwenye kopo la rangi, uani kwetu Ilala, ambalo baba hulimwagilia kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Nikageuka kumtazama baba. Baba akatazama dari.

"Umempa wewe," nikasema.

"Kijana amekuja kwa adabu jana jioni," baba akajibu. "Anaomba mpatane. Wewe ni Mkristo, ni Mchaga, na isale haikataliwi. Utarudi kwenye bendi yako, mtapiga kelele zenu juu ya paa huko, na hizi habari za ukutani zitakwisha. Kuna ubaya gani?"

Mnaona? Mtu ambaye hajawahi kumpa Vivek hata kikombe cha chai, alichuma jani la heshima ya ukoo akampa, alimradi jina lake litoke ukutani. Na yule mwingine akalipokea alimradi apate mwimbaji wake. Wote wawili walinitaka mahali pale pale ambapo sina jina.

"Candida," Vivek akasema, bado kapiga magoti. "Harsh na mwenzetu wa bendi wamejaribu msichana mwingine. Haiwezekani. Hakuna sauti kama yako. Mimi siwezi kulala. Nisamehe, urudi."

"Nikusamehe nini?"

"Unajua."

"Mimi najua. Isale haipokelewi kimya kimya. Sema ulichofanya. Tena kwa sauti, baba yangu asikie, maana amekupa jani lake bila kujua linatumika kwa ajili ya nini."

Nje muuza soksi alikuwa anaita wateja. Vivek akaangalia chini.

"Siku ya Diwali," akaanza. "Tulipiga kwenye sherehe ya jumuiya yetu. Baada ya kupiga, mama yangu alikuja. Candida alikuwa amesimama na mimi. Mama akauliza huyu msichana ni nani."

"Endelea."

"Nikasema..."

"Endelea, Vivek."

"Nikasema ni wa kazi. Nikasema tumemleta kubeba vyombo."

Nilidhani nimeshalizika lile jambo. Wapi! Lilisimama mbele yangu zima zima. Saa moja tu kabla ya pale alikuwa amenishika mkono ngazini gizani, ananiambia mwaka ujao tutatafuta chumba chetu. Mama yake si mwanamke mbaya. Alinitabasamia. Alinipa trei ya glasi chafu akasema, "Haya binti, jikoni ni kule." Na mimi nikamtazama Vivek, nikampa nafasi ya pili, maana nilikuwa nampenda kiasi hicho. Akageuka akaanza kukunja waya wa gitaa.

"Nikaziosha," nikasema. "Kumi na moja. Nikazipanguza, nikazipanga kabatini. Ndiyo nikavaa viatu vyangu nikaondoka, na Kimbunga ikaishia hapo."

Baba alikuwa amesimama. Sikumwona aliposimama.

"Wewe kijana," akasema, na sauti ilikuwa ile ya kwao, ya Rombo, siyo ya dukani. "Ulimwambia mama yako kwamba mtoto wangu ni wa kazi?"

"Mzee, niliogopa."

"Mimi niliambiwa mmegombania nyimbo! Ningejua, hilo jani ningekupiga nalo."

"Ungempiga nalo lingekatika, Baba," nikasema. "Acha. Limeshaletwa, na ni langu kulijibu."

Nikamsogelea Vivek. Nikapiga magoti na mimi, tukawa sawa. Harufu yake ni ile ile, mafuta ya nazi na waya za gitaa. Vidole vyetu viligusana kwenye jani na nikatamani, Mungu anisamehe, nikatamani nimwegemee pale pale mabeseni yote yaanguke. Sikumwegemea. Nikalichukua.

"Nimekusamehe," nikasema. "Kweli. Moyo wangu hauna kinyongo na wewe kuanzia sasa, na sitalisema tena mbele ya watu kukuaibisha. Msamaha ni wako."

Akafumba macho. Chozi likamtoka. "Asante. Basi tuwahi, Harsh anasubiri pale nje na gari, tumwambie yule mzee wa ukumbi kwamba leo..."

"Vivek. Nimesema msamaha. Sikusema bendi."

Akafumbua macho. "Lakini isale..."

"Baba," nikasema bila kumgeukia, "yule mtu aliyemwibia babu ng'ombe kule kijijini. Si alileta isale?"

Baba akakohoa. "Alileta."

"Babu akamsamehe?"

"Akamsamehe."

"Akampa na ng'ombe wa pili?"

Taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba, baba akasema, "Hapana. Ng'ombe wa pili hakumpa."

"Basi umesikia kwa mwenye mila. Mimi nikikusamehe nimemaliza deni la jani. Sauti yangu haikuwa ndani ya hilo fundo."

Tulisimama. Akanishika kiwiko, kwa woga.

"Na sisi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Achana na bendi. Mimi na wewe. Nakupenda, Candida. Unajua nakupenda."

"Najua. Unanipenda hapa Mkunguni. Unanipenda juu ya paa, unanipenda ngazini taa zikizimika. Mimi nataka kupendwa sebuleni kwenu, mchana, mama yako akiwa amekaa kwenye kochi."

"Huwajui wazazi wangu. Watasema mimi nimeua ukoo. Baba hatanitazama."

"Wangu je? Unadhani mzee Onesphory ananunulia watu soda kwa sababu nampenda Mhindi? Mimi nilimwambia. Siku ile ile ya kwanza nilimwambia. Akaninunia mwezi mzima, akala ugali kanipa kisogo. Nikavumilia."

Akasema kitu ambacho nilikuwa nakijua na nakikwepa. "Spika za leo ni za baba yangu. Umekodi kwake kwa simu."

"Mjini nani mwingine ana spika za kubeba metali?"

"Atakuwepo. Unamjua."

Nani asiyemjua? Mzee Natvarlal hapeleki vyombo vyake mahali akabaki nyumbani. Iwe harusi, iwe mkutano wa injili, yeye hubeba kistuli chake cha plastiki, hukaa pembeni ya amplifaya, kidole karibu na swichi, macho kwenye taa ndogo. Taa nyekundu ikiwaka tu, anazima. Bibi harusi akiwa katikati ya kucheza, anazima. Mchungaji akiwa anatoa mapepo, anazima.

"Siku ya Diwali na yeye alikuona," Vivek akasema. "Atakutambua."

"Anitambue."

Akaachia kiwiko changu, akatoka, akapotea kwenye watu. Nikabaki nimeshika jani.

Nikachukua mkoba.

"Glasi kumi na moja?" baba akauliza.

"Kumi na moja, Baba."

Akatikisa kichwa. Akachukua ndoo moja, akaigeuza, akairudisha. "Nenda basi. Utachelewa."

Hakusema atakuja. Hakusema jina niliweke wala nilitoe. Mimi nikaondoka.

Ukumbini Ilala nilikuta watu kama mia. Siyo wote waliokuja kwa wema. Kulikuwa na wachukuzi wa sokoni, wasichana wa saluni na rola bado kichwani, wanafunzi waliotoroka masomo ya ziada, akina mama wawili wa mgahawa wa jirani waliofuata kelele. Na kule nyuma washkaji waliokuwa wanaifuata Kimbunga, wamekunja mikono, wamekuja kuona demu akidondoka.

Wapigaji wangu walikuwa wawili. Abbasi, wa gitaa, nilimtoa bendi ya dansi. Nilimfundisha mwezi mzima kwamba gitaa likikwaruza ndiyo vizuri, na kila likikwaruza bado alikuwa ananiomba radhi. Seifu, wa ngoma, kazi yake ilikuwa matarumbeta ya harusi.

"Dada," Seifu akaninong'oneza, jasho linamtiririka, "huu wa kwanza niupige kama tunamtoa bibi harusi?"

"Upige kama bibi harusi amegoma."

"Hapo nimekuelewa," akasema, akakaza vijiti.

Mzee Natvarlal alikuwa kwenye kistuli chake kushoto kwa jukwaa, shati la mikono mifupi limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nilimpitia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, kisha akanikazia macho, akaanza kukunja uso kama mtu anayetafuta mahali alipoweka funguo. Sikusubiri azipate. Nikapanda.

Mtangazaji, Mbaruku, akashika maiki. "Mabibi na mabwana, leo kwa mara ya kwanza, peke yake, Candida!"

Akaishia hapo. Alikuwa amesoma tangazo la ukutani. Nikamnyang'anya maiki.

"Candida Onesphory," nikasema. "Baba yangu anauza ndoo Mtaa wa Mkunguni. Nzuri, hazivuji. Mimi ni binti yake, na leo naimba."

Watu wakacheka. Nikatafuta uso wa baba kule nyuma, sikuuona. Basi. Nilikuwa nimeshalisema. Seifu akaangusha vijiti kwenye ngoma, Abbasi akakwaruza, safari hii bila kuomba radhi kwa mtu, na mimi nikafungua tumbo.

*Nimeosha, nimepanguza, nimepanga kabatini,
Jina langu uliliacha wapi, mezani au sinkini?*

Mstari wa kwanza watu waliruka nyuma. Kweli kabisa, walioko mbele walirudi hatua nzima. Msichana mmoja rola ilimtoka. Mstari wa pili wakaganda. Wa tatu, mama mmoja wa mgahawa, mnene, kanga kiunoni, akainua uso akapiga kigelegele kirefu kilichopanda juu ya gitaa la Abbasi. Kigelegele kwenye metali! Mwenzake akamjibu. Nikasikia nywele zinanisimama. Nikashuka chini zaidi, kwenye ile sauti ambayo Vivek aliisikia siku ya kwanza, nilipomfokea mwenye mkokoteni aliyeangusha mabeseni yetu na mtaa mzima ukasimama. Nikaiachia yote.

Halafu kimya.

Siyo watu, spika. Maiki imekufa mkononi, gitaa limekuwa kama sanduku tupu. Nikatazama kushoto. Taa nyekundu ilikuwa inazimika, na kidole cha Mzee Natvarlal kilikuwa kwenye swichi.

Kule nyuma washkaji wa Kimbunga wakaanza kupiga miluzi. "Imekatikaaa!"

Nikaitupa maiki. Kwani sauti nilizaliwa na waya? Nikasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa nikaendelea bila kitu, koo tupu, na Seifu, Mungu ambariki, hakuacha hata pigo moja. Nilisikia uchungu kooni na sikujali. Na hapo ndipo nikamwona Vivek anapita katikati ya watu, anawasukuma, shati jeupe limechomoka. Sikujua hata kama alikuja. Alifika kwenye kistuli.

"Baba, washa."

Mzee Natvarlal akamjibu kwa Kigujarati, haraka, kwa hasira, akionyesha taa, halafu akininyooshea mimi kidole. Sijui Kigujarati. Ila nilijua amezipata funguo zake. Alinitambua.

Nikamaliza mstari, Seifu akashusha vijiti. Ukumbi mzima uligeuka kuwatazama wale wawili. Mzee akamuuliza kitu, kwa Kigujarati, polepole safari hii. Alimpa mwanawe lugha ya kujifichia. Mtu yeyote angeitumia.

Vivek akajibu kwa Kiswahili. Tena kwa sauti ya kupasua ukumbi.

"Siyo wa kazi, Baba! Nilidanganya. Nilimdanganya mama, nikakudanganya wewe. Anaitwa Candida Onesphory, ndiye mwimbaji, na mimi nampenda. Miaka miwili nampenda. Ukitaka kunifukuza nifukuze hapa hapa, watu wote wanasikia. Lakini washa!"

Akanyoosha mkono akabonyeza swichi mwenyewe. Spika zikaguna. Mzee Natvarlal alimtazama mwanawe kama hamjui, kalamu zake mbili zinapanda na kushuka kifuani. Hakuizima tena. Akabaki amekaa tu.

Watu walilipuka. Vigelegele, miluzi, mchukuzi mmoja akapanda juu ya benchi akapiga kelele, "Mkubali, dada! Mkubali mtoto wa watu!" Wote wakadakia. Mkubali, mkubali. Vivek kasimama pale chini, uso juu, machozi wazi, hayafuti.

Nilimpenda. Nisiwadanganye. Nilimpenda pale kuliko siku zote, magoti yalikuwa yanataka kunishusha jukwaani bila ruhusa yangu. Nikaokota maiki.

"Vivek," nikasema. Wakanyamaza. "Nimekusikia. Na nimefurahi, mpaka natetemeka. Lakini mimi sikubaliwi wala sikubali kwa sababu watu wanapiga makofi. Kesho, baada ya misa ya pili, niko nyumbani. Njoo na mama yako. Mchana. Nitamkaribisha chai, nitakaa naye, na mimi mwenyewe nitamwambia mimi ni nani. Hapo ndipo uniulize."

"Nitakuja," akasema.

"Na mama?"

Akageuka akamtazama baba yake. Mzee Natvarlal akajikuna shingo. "Mama yake huwa hatoki Jumapili," akasema kwa Kiswahili, kavu. Halafu: "Nitamwambia wewe umesema. Kuja au kutokuja, hilo ni lake."

"Sawa, mzee. Akija nitampokea. Asipokuja nitaimba Jumamosi nyingine."

"Taa nyekundu ikiwaka tena," akaongeza, "mimi nazima."

"Ukizima nitaendelea," nikamjibu, kwa heshima zote. "Umeona."

Mchukuzi wa kwenye benchi akaangua kicheko, ukumbi wote ukamfuata, hata wale wa nyuma waliokunja mikono. Vivek hakuondoa macho kwangu. Nami sikuyaondoa kwake, mpaka nilipohisi nikizidisha hapo sitaimba tena leo, nitalia tu. Nikageuza uso.

"Seifu," nikasema, "hesabu."

Akagonga vijiti mara nne, nikafungua mdomo.